Bampa, duko na maziwa: historia ya kupaka magari rangi Mwanza

Kuna swali ambalo wenye magari wa hapa Mwanza hawachoki kuulizana. Zile plastiki nyeusi za gari, yaani bampa, vifuniko vya saiti mira, vitasa vya milango na mikanda ya ubavuni, zikishapauka na kuwa na rangi ya majivu ya jikoni, unampelekea fundi au unanunua chupa za kupuliza na kumaliza mwenyewe nyuma ya nyumba Jumapili mchana? Mmoja atakwambia mafundi ni wezi. Mwingine atakwambia jirani yake alijipakia mwenyewe mwaka jana na leo gari linabanduka kama mtoto aliyetoka kuugua surua. Wote wana hoja.

Nimelifuatilia swali hili kwa wiki kadhaa. Kwanza ilikuwa kwa sababu ya Corolla ya nyumbani, halafu nikaona kwamba si swali la rangi tu. Ukiuvuta uzi wake unakutana na reli, pamba, vita vya Kagera, wahujumu uchumi, ruksa ya Mzee Mwinyi, na mwisho unakutana na kifua cha mtu. Nitafika huko. Naomba uvumilivu, leo ni ndefu.

Tuanze mbali kidogo. Kabla ya reli ya kutoka Tabora kufika Mwanza mwaka 1928, mji huu ulikuwa ukipata bidhaa zake nyingi kwa kuzunguka: Mombasa, treni mpaka Kisumu, kisha meli ya ziwani mpaka hapa. Kwa hiyo gari, au hata kopo la rangi, lilikuwa limeshavuka nchi nyingine na ziwa zima kabla halijaguswa na mtu wa Mwanza. Bei yake unaweza kuikisia. Reli ilipofika mambo yakawa mepesi, na malori ya kubeba pamba yakaanza kuwa sehemu ya maisha ya Usukumani.

Na ilikuwa bahati, maana miaka ile ile rangi ya magari yenyewe ilikuwa imebadilika duniani. Zamani gari lilipakwa kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka likasubiriwa likauke. Kazi ilichukua wiki. Ndiyo sababu Henry Ford alitoa Model T zake zikiwa nyeusi tu kuanzia 1914 hadi 1925: nyeusi ilikuwa rahisi na ilidumu. Halafu mwaka 1923 kampuni ya DuPont ya Marekani ikaleta rangi ya kupuliza iliyokauka haraka, ikaiita Duco. Mwaka 1924 magari ya Oakland yakatoka nayo, ya buluu, na wiki zikageuka kuwa saa. Ukipita kwenye magereji ya Afrika Mashariki leo, miaka mia moja baadaye, bado utasikia mzee akisema "gari hili lipige duko." Kopo analolinunua halina hata herufi moja ya jina hilo. Jina la biashara limekuwa jina la kitu, kama tulivyofanya na Kiwi ya viatu.

Kiwi hiyo tutakutana nayo tena.

Magereji ya kwanza ya mji huu, kama miji mingine ya Afrika Mashariki, yalikuwa ya Wahindi, na kazi ya chuma na mbao ilishikwa sana na Makalasinga. Mwafrika aliingia kama kibarua wa kusugua msasa na kuosha bunduki ya rangi. Aliyekuwa na jicho alijifunza kwa kuangalia tu, maana hakuna aliyemfundisha. Nimezungumza na mafundi wanne wa hapa Mwanza, na watatu kati yao, ukiwauliza mwalimu wao ni nani na mwalimu wa mwalimu wao ni nani, wanakufikisha kwenye gereji ya Mhindi fulani katikati ya mji. Hilo peke yake linatosha kuwa makala nyingine.

Lakini kumbuka kwamba enzi hizo swali letu la plastiki halikuwepo. Bampa ilikuwa chuma kilichopakwa kromu. Fremu ya taa, kromu. Kitasa, kromu. Havikuhitaji rangi, vilihitaji kitambaa. Kazi hiyo haikuwa ya fundi wala ya mwenye gari, ilikuwa ya taniboi. Dereva anakunywa chai, taniboi anasugua bampa mpaka ajione sura. Gharama yake kwa tajiri ilikuwa sifuri, au tuseme ilikuwa imeshamezwa ndani ya ujira mdogo wa taniboi. Shikilia hapo, maana nitarudi kwenye hesabu za namna hiyo, zile ambazo sifuri yake imefichwa mfukoni mwa mtu mwingine.

Mwaka 1955 vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba huku Kanda ya Ziwa viliungana chini ya Shirikisho la Victoria, na Paul Bomani ndiye aliyekuwa injini ya harakati ile. Ushirika ule ukaja kumiliki vinu vya kuchambulia pamba na kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya wakulima barani Afrika. Malori ya msimu wa pamba yalikuwa na mabodi ya mbao, na bodi ya mbao inapakwa rangi kama mlango wa nyumba, kwa brashi na rangi ya mafuta. Mtu yeyote mwenye mkono mtulivu aliweza. Maandishi ya ubavuni ndiyo yalihitaji mtaalamu. Kwa hiyo mgawanyo ulikuwa wazi: wewe paka bodi, mwandishi wa herufi aje aandike jina.

Ziwani mgawanyo ulikuwa ule ule, na upo mpaka leo. Ukienda Mwaloni Kirumba utaona mitumbwi iliyopakwa na wenyewe, kijani na nyekundu na njano, jina la mtoto au neno la dini limeandikwa kwa brashi ya vidole viwili. Lakini meli kama MV Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961 na kurudi majini mwaka 2020 baada ya ukarabati mkubwa, huwezi kuiachia mtu na brashi yake. Chuma kinachokaa ndani ya maji kinaliwa na kutu, na rangi pale ni sehemu ya usalama wa abiria. Huku ziwani tuliopoteza ndugu kwenye MV Bukoba Mei 1996, na tena kwenye MV Nyerere pale Ukara Septemba 2018, hatuzungumzii matunzo ya chombo kama mapambo. (Ajali zile sababu zake hazikuwa rangi, nisije nikanukuliwa vibaya.)

Sasa tuingie miaka ya 1970, ambako historia ya rangi inageuka kuwa historia ya kukosa rangi.

Mwaka 1973 bei ya mafuta duniani ilipaa. Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ukafungwa, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa mwaka huo huo. Kwa mtu wa Dar es Salaam huo ulikuwa mpaka wa mbali. Kwa mtu wa Mwanza, Musoma au Bukoba ilikuwa ni kufungiwa duka la jirani. Halafu Oktoba 1978 Amin akaivamia Kagera. Mwanza ikawa karibu kabisa na vita, hata ndege ya Libya ikaja Machi 1979 kutafuta matangi yetu ya mafuta, ikakosa shabaha na mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa bustani. Magari ya watu binafsi na ya mashirika yalichukuliwa kwenda kubeba askari na mizigo. Yaliyorudi yalirudi na makovu.

Yakishakuwa na makovu, unayapaka nini? Fedha za kigeni hakuna. Leseni ya kuagiza bidhaa kutoka nje ni karatasi ya kuota. Viwanda vya rangi vya nchini navyo vinahitaji malighafi kutoka nje. Mzee mmoja aliyekuwa dereva wa shirika la umma miaka hiyo aliniambia hivi, nikiwa nimeshamsalimia "Mwadila, mzee" na Kisukuma changu cha kuokoteza kikaishia hapo:

"Mwanangu, sisi gari tulipaka rangi ya madirisha. Ukipata nusu kopo ya kijani, gari ni la kijani. Mwezi ujao ukipata ya bluu, mlango wa nyuma ni wa bluu."

Nikamuuliza, na zile sehemu nyeusi je? Akacheka. "Kiwi. Au oili chafu na kitambaa. Ukitaka gari ling'ae siku ya ukaguzi unapaka Kiwi asubuhi. Mvua ikinyesha, suruali ya abiria ndiyo inapakwa."

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaotuambia kwamba kizazi kile kilikuwa na moyo wa kujitegemea kuliko sisi. Kujitegemea ilikuwa siasa ya nchi tangu Azimio la Arusha la 1967, ni kweli, na mimi siyo wa kuidharau. Lakini mtu aliyepaka gari kwa brashi ya nyumba mwaka 1981 hakuwa amelinganisha bei ya fundi na bei ya kujifanyia akachagua. Fundi alikuwepo, bunduki ya rangi ilikuwepo ukutani, kompresa ilikuwepo. Kopo ndilo halikuwepo. Kuchagua kunahitaji vitu viwili mezani.

Kilichokuwepo ni magendo. Ziwa Victoria halina ukuta, na mtumbwi wa usiku ulibeba chochote ambacho duka la serikali halikuwa nacho. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine akaanzisha msako wa wahujumu uchumi, na mpaka leo wazee wanasimulia jinsi watu walivyotupa mali ziwani na porini kwa hofu ya kukutwa nazo. Mafundi wanasema thina na rangi zilifukiwa ardhini. Mmoja alinionyesha kwa kidole mahali pa kiwanja ambapo bosi wake alifukia makopo, akaapa kwamba hayakufukuliwa kamwe. Sikubeba jembe.

Novemba 1983 mpaka wa Kenya ukafunguliwa. Mwaka huo huo ndio serikali ilipoanza kuruhusu mabasi ya watu binafsi kubeba abiria mijini, Dar es Salaam kwanza, na nauli ya shilingi tano, yaani dala, ikazaa neno daladala. Bajeti ya 1984 ikaruhusu wenye fedha zao nje walete bidhaa bila kuulizwa sana wamezipata wapi. Mwaka 1986 serikali ya Mzee Mwinyi ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na shilingi, ambayo mwaka 1985 ilikuwa bado chini ya 20 kwa dola moja, ikamaliza 1986 ikiwa zaidi ya 50. Rangi ikarudi madukani. Ila sasa ilirudi na bei yake halisi.

Na magari yakaja. Miaka ya 1990 sangara alikuwa amegeuka dhahabu ya mji huu, viwanda vya minofu vikajengwa kando ya ziwa, na fedha ile (ukiacha ile miaka ya 1997 hadi 1999 ambapo Ulaya ilikuwa ikifunga na kufungua mlango kwa samaki wetu) ikanunua Toyota zilizotumika kutoka Japani. Hapo sasa ndipo plastiki nyeusi ilipoingia kwa wingi katika maisha yetu.

Inafaa kujua plastiki hii ilitoka wapi, maana kuna kichekesho ndani yake. Renault 5 ya Ufaransa, iliyotoka mwaka 1972, ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza kuuzwa kwa wingi yakiwa na bampa za plastiki. Wengine wakafuata. Plastiki ilikuwa nyepesi, haikuota kutu, na ikigongwa kidogo ilirudi yenyewe. Baadaye ikaja aina ya polipropilini, ambayo unaichanganya na masizi laini ikiwa bado uji wa moto, na inatoka kwenye umbo lake ikiwa nyeusi tayari. Hakuna praima, hakuna kupuliza, hakuna tanuri la kukaushia. Umeona? Kile tunachobishania leo kwenye foleni ya mafuta, kiwanda kilishakibishania miaka hamsini iliyopita: tulipe kupaka, au tusipake kabisa? Kiwanda kikachagua kutopaka. Ndiyo maana hata leo Probox ya bei ya chini inakuja na bampa nyeusi kavu, na ile ya bei ya juu inakuja na bampa yenye rangi ya bodi. Wewe unayepaka bampa yako Mwanza unalipia hatua ambayo kiwanda kiliiruka kupunguza gharama.

Na masizi yale yanailinda plastiki dhidi ya jua, lakini si milele, na hasa si hapa. Mwanza iko kama nyuzi mbili na nusu kusini mwa Ikweta, na uso wa ziwa uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Jua linasimama utosini na mionzi yake ya urujuanimno ina nguvu kuliko ile ya Japani ambako gari lilizaliwa. Ngozi ya juu ya plastiki inavunjikavunjika, unaona weupe. Watu wanadhani ni vumbi, wanasugua kwa dizeli, inang'aa siku mbili, inarudi. Wengine wanapitisha moto wa gesi juu yake na weusi unarudi kweli, kwa muda, kwa gharama ya kuichosha plastiki zaidi.

Haya, bei. Nilikwenda kwa fundi mmoja maeneo ya Nyakato, si mbali na SIDO, nikaomba hesabu ya bampa mbili, saiti mira mbili na mikanda minne ya milango. Akaanza na laki mbili, tukamalizana laki moja na nusu. Kisha nikaenda dukani. Chupa ya kupuliza ya mililita 400 niliuziwa shilingi 7,000, na kwa kazi yote hiyo nilihitaji kama 9 ukijumlisha praima na kliya: 63,000. Msasa wa namba 320, 600 na 800, gundi ya karatasi ya kufunikia, vitambaa na thina kidogo ya kufutia, 10,000. Jumla 73,000 na siku yangu moja na nusu. Nimeokoa 77,000. Kwa mwandishi wa habari anayelipwa kwa makala, hiyo siyo hela ya kuchezea.

Lakini polipropilini ina tabia ya sufuria isiyogandisha chakula: haitaki kushikwa. Inahitaji praima yake maalumu, ile ya kuipa rangi mahali pa kung'ang'ania, na maduka matatu niliyopita hawakuwa nayo. Bila hiyo, na bila kuisafisha mafuta yote ya Kiwi na dizeli ya miaka kumi, rangi inakaa mpaka mvua za masika za pili. Ukigawanya 73,000 kwa msimu mmoja na 150,000 kwa misimu mitano, fundi ndiye rahisi. Saiti mira na vitu vidogo vigumu ni tofauti, vile plastiki yake mara nyingi ni ya aina inayoshika rangi vizuri, na hapo mtu mwenye subira anaweza kujifanyia bila aibu. Huo ndio uamuzi wangu kama unautaka.

Wenye daladala hawana anasa ya kubishana hivi. Basi la abiria mjini linatakiwa liwe na mstari wa rangi ya njia yake, na usimamizi umepita mikono ya SUMATRA, iliyoundwa kwa sheria ya 2001, na tangu 2019 uko LATRA. Hiace ikihamishwa njia, mstari unabadilishwa. Ukipauka, trafiki anakuona kutoka mbali. Kazi ya mstari ni ndogo, ni nusu siku, lakini inafanyika mara nyingi, na mafundi kadhaa wameniambia ndiyo inayowalipia kodi ya nyumba kuliko kupaka gari zima. Vioo wanavifunika kwa magazeti ya zamani. Nimeshaikuta makala yangu ya ukurasa wa tano imebandikwa kwenye kioo cha Hiace, kichwa chini, imepulizwa kijani. Ndiyo mara pekee nilipoona kazi yangu ikizuia jambo baya lisitokee.

Sasa nilisema tutafika kwenye kifua.

Yule fundi wa Nyakato nilimwomba anivunjie laki moja na nusu yake. Hakuona aibu. Rangi, praima, kliya, hadina na msasa, 65,000. Kukodi kompresa na umeme, 15,000. Kijana wa kusugua, 20,000. Inabaki 50,000 kwa kazi ya siku mbili, yaani 25,000 kwa siku ambazo ana kazi. Siku ambazo hana kazi hazimo kwenye hesabu. Nikamuuliza, barakoa je? Akanionyesha kipande cha khanga alichokifunga shingoni. Kisha akanionyesha pakiti ya maziwa. "Maziwa yanasafisha kifua, mzee wangu alinifundisha hivyo." Mzee wake ni yule fundi aliyemlea kazini. Alifariki akiwa amefanya kazi hiyo zaidi ya miaka thelathini, na miaka ya mwisho alikuwa hawezi kupanda kilima cha kwake bila kukaa chini njiani mara tatu.

Karibu kila fundi rangi niliyekutana naye anakunywa maziwa. Nimeona hata matajiri wa magereji wakiyahesabu kama posho: mshahara na maziwa. Kwa kweli maziwa yanashuka tumboni, na rangi iko kwenye mapafu, na hizo ni njia mbili tofauti kama reli na ziwa. Rangi za kisasa, zile za kuchanganya na hadina, zimechukua nafasi ya duko ya zamani kwa sababu zinang'aa na kudumu zaidi. Lakini ndani ya hadina zake nyingi kuna kemikali za jamii ya isosayaneti. Ukoo huo ndiyo ule uliotoa gesi iliyoua maelfu ya watu Bhopal, India, Desemba 1984, ingawa hii ya kwenye kopo siyo ile ile. Ikipulizwa ikawa ukungu, ikavutwa, inaweza kumpa mtu pumu ya kudumu. Haina harufu ya kukuonya kabla haijafika kiwango cha hatari. Mwili ukishaikataa mara moja, kiasi kidogo tu baadaye kinatosha kumkaba mtu. Huko Ulaya anayepuliza rangi hizi anavaa kifaa kinachomletea hewa safi kwa mpira kutoka nje ya chumba. Khanga haizuii, na hata barakoa ya kitambaa ya enzi za korona haizuii.

Sheria tunazo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya mwaka 2003, na wakala wake, OSHA, ulishakuwepo. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ni ya 2008, na mfuko wake ukaanza kazi 2015. Lakini mfuko unachangiwa na mwajiri, na fundi wa chini ya mti ni mwajiri wa nani? Kijana wake anayesugua msasa hana mkataba, yeye mwenyewe hana leseni ya gereji, kiwanja ni cha mtu mwingine. Ukimuuliza kazi yake anasema "najitafutia."

Kwa hiyo ile 77,000 niliyojivunia kuokoa, na ile 150,000 niliyoona ni ghali, zote mbili zilikuwa hazina kitu kimoja ndani yake. Wala chupa ya kupuliza haina hadina hiyo kwa kawaida, kwa hiyo mimi nyuma ya nyumba nilikuwa hatarini kidogo kuliko yeye anayenifanyia kazi nzuri. Nilipiga simu Dar es Salaam kuulizia barakoa yenye vichujio vya mkaa, siyo kifaa cha hewa cha Ulaya, ile tu ya kati: 85,000, na vichujio vyake hubadilishwa kila baada ya muda. Nikamrudia fundi na bei hiyo.

Alifikiri kidogo. Akasema hiyo ni siku tatu na nusu za kazi, na mteja akiongezewa elfu tano kwenye kila gari kwa ajili ya barakoa atahamia kwa jirani, ambaye naye anatumia khanga. Nikamuuliza kama mafundi wote wa mtaa ule wangeongeza elfu tano kwa pamoja, kama ushirika wa pamba wa enzi za Bomani. Akasema wamewahi kuzungumza jambo la kununua moja na kupokezana, ila hawakuafikiana nani atakaa nayo usiku.

Siku ile alikuwa na magari mawili yanayomsubiri, Probox ya bampa na Hiace ya mstari. Alianza na Hiace, kwa sababu ilitakiwa iwe njiani saa kumi na mbili asubuhi.